Feruzi Haiogi

Kama hujawahi kuwaona watu wawili wakinyimana maneno ndani ya chumba kimoja, kwa bidii ileile ambayo wengine huitumia kutafuta riziki, basi hukubahatika kupita kwenye karakana ya Mama Chovya na mdogo wake, Jicho. Mwaka mzima hawakusemeshana. Asubuhi walifungua mlango pamoja, mmoja akishika kufuli na mwingine komeo, na jioni wakaufunga vivyo hivyo, kila mmoja akimtazama paka wa jirani kana kwamba paka ndiye aliyemkosea.

Karakana yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha pana linalotazama barabara. Dirishani alikaa Jicho, kwa kuwa kazi yake ilitaka mwanga: alipachika vito kwenye pete, hereni na vidani. Jina hilo alipewa na wateja, maana aliweza kuuona ufa kwenye jiwe kabla jiwe lenyewe halijajua kuwa lina ufa. Upande wa ndani, karibu na bomba la maji, alikaa dada yake mkubwa. Yeye aliikata shaba ya manjano, akailehemu, akaing'arisha, kisha akaichovya kwenye dawa yenye dhahabu na kuipitishia umeme, mpaka shaba ikavaa ngozi ya dhahabu nyembamba kama ganda la kitunguu. Katikati yao ilisimama rafu ya mbao. Alichomaliza mmoja alikiweka pale, mwenzake akakichukua.

Hawakumdanganya mtu. Mama Chovya alikuwa na maneno yake aliyomwambia kila mteja kabla hajafungua pochi. "Hii ni ya kuchovya, mpenzi. Jiwe ni la kweli, limetoka ardhini, hakuna mtu aliyelipika. Dhahabu ni ya juu juu. Ukiioshea vyombo kila siku usije kunililia hapa." Watu walicheka, wakanunua, na wengi wao walirudi.

Vito navyo vina tabia zao, kama watu. Amethisti, akiki na garneti ni wagumu. Hao unawapachika kwanza, kisha kitu kizima kinaingia kwenye dawa ya moto, na wao hutoka humo wakicheka. Lakini feruzi, lulu na marijani ni walaini, hunywa kila kinachowagusa. Ukiwatia kwenye dawa rangi yao inakwenda, na haikuagi. Hao hupachikwa mwisho kabisa, shaba ikishavaa dhahabu. Mama yao, aliyewafundisha kazi hiyo wakiwa wasichana, alilifupisha somo lote kwa maneno machache: wagumu huoga, walaini hufutwa. Basi zamani, kabla ya ugomvi, chumba kizima kilikuwa kelele. "Hii imeoga?" "Imeoga!" "Na huyu?" "Huyu haogi, mwache hapo!" Wapita njia wasiojua walidhani humo ndani mnalelewa watoto wachanga.

Kilichozima kelele hizo ni pete.

Mama yao alipofariki aliacha pete moja ya dhahabu tupu, dhahabu ya kweli mpaka moyoni. Hakusema ni ya nani. Wakaiweka kwenye kopo dogo juu ya rafu, ikawa ya wote wawili, na hakuna aliyeivaa, kwa sababu kwa mkubwa ilikwama kwenye kifundo cha kidole na kwa mdogo iliponyoka. Kisha Jicho alisafiri kwenda kumuuguza mama mkwe wake. Huku nyuma kukawa na oda kubwa ya hereni, ya kuchukuliwa kesho yake, na dawa ikawa imechoka, haitoi tena dhahabu ya kutosha, na mwenye kuwaletea nyingine hakuonekana wala hakupokea simu. Mama Chovya alizunguka chumbani mara kadhaa, akalitazama kopo. Akaitoa pete, akaifunga kwenye waya, akaitundika ndani ya dawa na kuwasha umeme. Umeme uliila pete polepole na kuihamishia dhahabu yake kwenye hereni za watu. Jioni hereni ziling'aa kama macho ya bibi harusi. Pete ilikuwa imebaki uzi, na keshoye hata uzi haukuwepo.

Na ajabu ni kwamba alijisikia vizuri. Alijiambia mama amewaokoa, na akangoja kwa hamu mdogo wake arudi apewe habari hiyo njema. Jicho alirudi, akasikiliza, akalifungua kopo, akalifunga. "Umemgawa mama kwa watu tusiowajua," alisema. Akaketi dirishani, akashika koleo lake, na tangu hapo hakumwambia dada yake neno.

Mama Chovya alijua amekosea. Alilijua siku ileile, usiku haukupita. Lakini alikuwa mkubwa, na akaona mkubwa hawezi kuanza. Wahenga walisema ukubwa ni jaa, kila takataka hutupwa kwako. Yeye ukubwa aliutaka sana, jaa ndilo hakulitaka. Akangoja asemeshwe. Mdogo naye akangoja aombwe radhi. Siku zikapita, na kimya kikazoeleka mle ndani kama deki la asubuhi.

Kazi hata hivyo haijui kununa, inataka watu waambiane. Wakapata njia. Kwenye baraza yao alikaa fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Redio, kwa kuwa hazimiki. Akawa ndiye mjumbe.

"Redio, hebu mwambie huyo hapo gundi imekwisha," Jicho alisema.

"Ameambiwa," alijibu Redio bila kuinua uso kwenye suruali aliyoshona. Huyo hapo alikuwa karibu na Jicho kuliko Redio mwenyewe.

"Mwambie huyo anayetaka gundi, nyingine iko chini ya meza."

"Amesikia. Na mimi je, mnanilipa lini kwa kazi hii?"

Watu walimuuliza Redio yuko upande wa nani. Alisema yeye hayumo. Ndugu wakigombana shika jembe ukalime, alisema, wakipatana shika kapu ukavune. Na yeye shamba lake la kulima ni cherehani.

Lakini asubuhi moja, Jicho akiwa hajafika, Redio aliingia ndani kabisa, akaketi bila kukaribishwa. Mama Chovya alijua hapo pana jambo.

"Sikwambii," Redio alianza, "lakini nakwambia. Mdogo wako ameitwa na ile karakana kubwa ya upande wa pili wa mji. Ile yenye mashine na mafundi wenye makoti meupe. Wanangoja jibu lake mwisho wa mwezi."

"Amejibu nini?"

"Mimi redio, si mganga. Muulize mwenyewe."

Muulize mwenyewe! Rahisi kusema kwa mtu ambaye mdomo wake haufungwi hata kwa uzi wake. Siku ile Mama Chovya aling'arisha hereni moja mara mbili. Aliangalia mgongo wa mdogo wake pale dirishani, ulivyojikunja juu ya jiwe, shingo ikiinama kidogo kushoto kama ya mama yao, na akaona wazi jinsi chumba kitakavyokuwa bila mgongo ule. Alitaka kusema "usiende." Neno moja tu. Lakini neno hilo lisingekuja peke yake, lingekuja limeshikana mkono na "nisamehe," na hilo la pili ndilo alilokuwa akilikimbia. Alimpenda mdogo wake kuliko alivyopenda kazi, na aliogopa kumwambia.

Katika hali hiyo ndipo mkunga alipoingia.

Alikuwa mwanamke mzee mwenye sauti ya kuamrisha, mikono mikubwa na miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Nusu ya vijana wa mtaa huo alikuwa amewapokea yeye duniani, na wengine alikuwa bado anawagombeza.

"Shikamoo, Mama," walisema dada na mdogo kwa pamoja, na kwa kitambo hicho kifupi mtu angedhani wanaelewana.

"Marahaba, wanangu." Akafungua kitambaa mezani. Ndani mlikuwa na jiwe moja la feruzi, la samawati iliyokolea, kubwa kama ukucha wa kidole gumba. "Jumamosi wananiaga kazini, nastaafu. Hili jiwe nilipewa na mzazi mmoja zamani, wakati nikiwa bado msichana kwenye kazi. Alijifungua kwa taabu, karibu tumpoteze, yeye na mtoto. Akaniambia hana kingine cha kunipa. Miaka yote nimelifunga kwenye kitambaa, nikisema nitalivaa siku ya maana. Sasa siku ya maana imefika. Nitengenezeeni kidani."

Mama Chovya alimpa hotuba yake ya kuchovya. Mkunga alimkatiza. "Najua, najua. Hata mimi sasa ni wa juu juu, ndani nimechakaa. Jumamosi asubuhi nakuja." Akaondoka.

Jicho alilinyanyua jiwe, akaliweka kwenye mwanga na kuligeuza. Uso wake ulifunguka. Mara moja tu alimgeukia dada yake, macho yakiwaka, kama zamani alipokuwa akisema "Dada, njoo uone!" Halafu akakumbuka kuwa wamenuniana, akageuka tena dirishani. Mama Chovya aliuona uso ule na ukamuuma zaidi ya ukimya wote wa mwaka.

Kesho yake Redio hakuwepo. Shemeji yake alikuwa amevunjika mguu, na Redio amekwenda kumpa pole, ambayo kwa Redio ni safari ya siku nzima na maneno yake. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Baraza ilikuwa kimya, na ndani ya karakana kimya hicho kilikuwa mara mbili.

Mama Chovya alimaliza kikombe cha kidani mapema. Kilikuwa ukuta mwembamba wa shaba uliozunguka, wa kulikalisha jiwe, na kipete juu cha kupitisha mkufu. Alikisugua kwa msasa, akakitia kwenye gurudumu la kung'arishia, akakifuta. Sasa hapa lazima niseme jambo ambalo wasiofanya kazi hii hawalijui: shaba ya manjano ikitoka kung'arishwa, kabla haijashikwa na hewa, inang'aa kama dhahabu. Macho yanadanganyika, hata macho mazuri. Alikiweka ukingoni mwa rafu, akatoka uani kuteka maji, kwa kuwa bomba lilikuwa limekauka.

Aliporudi kikombe hakikuwepo. Kilikuwa mikononi mwa Jicho. Akadhani anakipimia jiwe, akaendelea kuandaa dawa yake. Alipoitazama rafu tena, kidani kilikuwa kimerudi, na feruzi ilikuwa imekaa ndani yake, ukingo wa shaba umekunjwa kuishika vizuri kabisa, kazi safi. Jicho alikuwa ameshaanza kitu kingine na mgongo wake umegeuka.

Mama Chovya alikichukua. Kwa mtu aliyeishika shaba maisha yake yote, hakuhitaji hata mwanga. Hii haikuwa imeoga.

Akasimama pale. Feruzi haiogi, hilo alilijua kabla hajajua kusoma. Basi kwa nini imepachikwa kabla? Akafungua mdomo. Akakohoa. Jicho aliinua kichwa kidogo, akakaa hivyo, shingo imenyooka, kama anayesikiliza. Ilikuwa nafasi, na ilikuwa wazi kama mlango. Angesema neno lolote, hata kama ni neno la kipuuzi, mambo yangekuwa mengine.

Lakini moyo wa binadamu una vichochoro. Mwenye mawe ni yeye, Mama Chovya alijiambia. Yeye ndiye anayeitwa na mafundi wenye makoti meupe. Labda huko wana njia mpya, labda huko hata feruzi zinaoga. Mimi ni nani nimfundishe? Kijicho cha wivu kikamchoma, na kiburi kikashika kazi palipobaki. Jicho alishusha kichwa, akarudi kwenye koleo lake.

Mama Chovya akakitundika kidani kwenye waya, akakichovya.

Alijua kabla hajakitoa. Alisimama juu ya ile dawa akitazama mapovu madogo na kutamani mkono wake urudi nyuma, ila mkono hauna kinyumenyume. Alipokitoa na kukisuuza, dhahabu ilikuwa nzuri ajabu, laini, haina doa. Na jiwe, lililokuwa samawati, lilikuwa kijani cha matope, cha maji yaliyochemshiwa mboga.

Wazo la kwanza lililomjia halikuwa zuri, na tusimfiche. Alifikiri juu ya mikebe ya Jicho, ambamo hamkukosa feruzi nyingine ya ukubwa huo. Mkunga ana miwani, lakini si Jicho. Nani angejua? Wazo hilo halikukaa. Aliona aibu hata kwa kuliwaza. Akakikausha kidani, akakiweka kiganjani, akaizunguka rafu na kwenda upande wa dirisha, mahali ambapo mguu wake haukuwa umekanyaga tangu ile siku ya pete.

"Limeoga," alisema.

Sauti ilimtoka imekwaruza, kama mlango wa ghala. Jicho aligeuka polepole. Alikitazama kidani, kisha uso wa dada yake, kisha kidani.

"Ulijua ni feruzi?"

"Nilijua."

"Ukaiogesha?"

"Wewe kwa nini uliipachika kabla?"

"Nilidhani kikombe kimeshaoga! Kilikuwa kinang'aa!"

"Vyote ving'aavyo..."

"Usinipigie methali, Dada!" Jicho alisimama, kiti kikaanguka. "Jiwe la watu limekufa mkononi mwetu, na wewe unanipigia methali! Uliona haijaoga. Uliona! Ulikohoa nikakusikia. Nikangoja. Kwa nini hukuniuliza?"

"Na wewe kwa nini hukuniuliza? Swali dogo tu, imeoga au haijaoga. Mwaka jana ungeliuliza hata usingizini."

"Mimi ndiye wa kuuliza? Mimi?" Jicho alijigonga kifua. "Wewe uliniuliza lini?"

Hapo wote wawili walijua kuwa feruzi imeshaachwa nyuma.

"Kulikuwa na oda," Mama Chovya alisema. "Dawa ilikuwa imechoka."

"Najua dawa ilikuwa imechoka! Unadhani nimekasirikia dhahabu?" Machozi yalianza kumtoka Jicho, na alikuwa mtu asiyependa kulia, kwa hiyo alilia kwa hasira. "Ungenipigia simu, ningekwambia itundike. Mama mwenyewe angeitundika, wewe unamjua mama. Lakini tungeitundika wote. Ningekuja, ningepanda gari la usiku, ningeishika mara moja na kuiaga. Ulimuaga peke yako. Mimi nilirudi nikakuta kopo."

Mama Chovya alikiokota kiti kilichoanguka, akakiketia mwenyewe. Mwaka mzima alikuwa ameandaa utetezi: oda, dawa, simu isiyopokelewa. Sasa aliuacha wote.

"Nilikosa," alisema. "Kuitumbukiza ile pete ni jambo dogo. Nilikosa kwa kujifanya ni mimi peke yangu niliyekuwa mtoto wa mama. Nisamehe, mdogo wangu. Na hili jiwe pia. Nilijua, na nikaliogesha, kwa sababu nilikuwa na wivu."

"Wivu wa nini?"

Angeweza kusema hapo hapo. Karakana kubwa, makoti meupe, mwisho wa mwezi. Lakini aliogopa jibu, na moyo wake haukuwa na nafasi ya pigo jingine siku hiyo. "Basi tu," alisema.

Jicho hakumkimbilia kumkumbatia. Hayo tuwaachie wa kwenye sinema. Alipenga kamasi kwa sauti kubwa, akafuta uso kwa mkono wa gauni, akaichukua lenzi yake na kukishika kidani.

"Hebu tuone ugonjwa umeingia kiasi gani," alisema.

Aliufungua ukingo kwa ncha ya kisu, akalitoa jiwe, akaligusa kidogo kwa tupa pembeni. Chini ya ule ukijani kulikuwa na mstari mwembamba wa samawati. Akavuta pumzi.

"Ni ngozi tu. Ndani mzima."

"Utalisaga?"

"Tutalisaga. Lete maji. Tone moja moja, usinimwagie mto."

Wakalisaga mchana kutwa. Jicho alilisugua jiwe kwenye msasa laini, na Mama Chovya akadondosha maji, kichwa karibu na kichwa, kama walivyokuwa wakikaa walipokuwa wasichana. Ukijani uliondoka tabaka kwa tabaka na samawati ikarudi. Jiwe lilipungua, na jinsi lilivyopungua ndivyo ulivyotokea ndani yake mshipa mmoja mweusi, mwembamba kama unywele, ambao hapo mwanzo haukuonekana. Na maneno yakaanza kutoka. Mama mkwe alishapona, anagombana na kuku. Paa la Jicho linavuja. Mjukuu wa Mama Chovya ameota jino.

"Ameota jino na mimi naambiwa na Redio?" Jicho aliacha kusaga kwa uchungu. "Mtoto wetu ameota jino nami nasikia pamoja na habari za bei ya uzi?"

"Kesho nitamleta."

"Umlete. Na asione njia ya kunikimbia, maana atakuwa hanijui."

Kikombe cha kwanza sasa kilikuwa kikubwa mno, kikatengenezwa kipya. Mama Chovya alikikata, akakilehemu, akaking'arisha, akakichovya, na alipokiweka kwenye rafu Jicho hakukigusa.

"Imeoga?"

"Imeoga."

"Una hakika?"

"Njoo uangalie mwenyewe, mwenye macho ni wewe."

Kuhusu mwisho wa mwezi hakuna aliyesema kitu. Mama Chovya alililaza swali lile kifuani na likaamka naye kila asubuhi, Alhamisi na Ijumaa.

Jumamosi mkunga aliingia amevaa nguo yake nzuri, kichwa kimefungwa kitambaa kipya. Alikitazama kidani mezani, akavaa miwani, akakitazama tena.

"Jiwe langu limekonda," alisema.

Wakamweleza. Hawakupunguza kitu. Alisikiliza amesimama, uso hausomeki, na walipomaliza aliuliza, "Nani aliyeharibu?"

"Mimi," alisema Mama Chovya.

"Mimi, Mama, niliipachika kabla," alisema Jicho.

"Aliyeichovya ni mimi, na nilijua."

"Ungeichovyaje kama mimi nisingekosea?"

"Nyamazeni!" Mkunga aliketi. Alikuwa amekasirika kweli, na alikuwa na haki. "Nimelitunza jiwe hili tangu sijaota mvi. Nimehama nalo nyumba kwa nyumba. Ninyi nimewaachia siku chache, mmelichemsha."

Wakainamisha vichwa. Mama Chovya aliongeza tu kwamba malipo hawatachukua, na mkunga akatoa sauti puani, kana kwamba hilo lingekuwa na mjadala. Akakinyanyua kidani kwenye mwanga wa dirisha.

"Na huu mstari mweusi? Haukuwepo."

"Ulikuwemo ndani, Mama," alisema Jicho. "Tulipolisaga ndipo ukaonekana."

"Hm." Kidole chake kikubwa kilipita juu ya jiwe taratibu. "Mtoto akitoka na alama, hatumrudishi. Tunamfunika, tunampa mama yake." Akamgeuzia Mama Chovya shingo. "Nifungie. Nikichelewa wataniaga bila mimi mwenyewe kuwepo."

Mama Chovya alikifunga kidani. Kilikaa vizuri, dhahabu ikishika mwanga na samawati ikilala katikati yake, ndogo kuliko zamani, na mshipa wake. Mkunga alijitazama kwenye kioo cha ukutani, akajigeuza, na kwa mara ya kwanza akatabasamu, ingawa si kwao.

Mlangoni alisimama. "Binti yangu ana lulu za bibi yake, zimekatika uzi. Nilitaka kuzileta mwezi ujao. Baada ya haya ningepaswa kuzipeleka kwingine." Akawatazama mmoja baada ya mwingine juu ya miwani. "Lakini katika kazi yangu nimewasikia watu wengi wakitupiana makosa. Wanaoyagombania, ninyi ndio wa kwanza. Nitazileta, kwa sharti nikute mikono yote minne. Nikija mwezi ujao, nitawakuta?"

Jibu lilikuwa tayari kinywani mwa Mama Chovya: utatukuta, Mama, bila shaka. Maisha yake yote alikuwa amejibu hivyo, kwa niaba ya wote wawili, kwa wateja, kwa majirani, kwa mwenye nyumba. Ulimi ulishaanza kujongea. Akauzuia. Akamgeukia mdogo wake, na mbele ya mteja, bila kujali, akauliza.

"Mdogo wangu, tutakuwepo?"

Jicho alikuwa ameinamia meza, akikusanya vumbi la samawati la jiwe kwa kidole. Kidole kilisimama. Alimtazama dada yake kwa makini, jinsi anavyotazama jiwe ambalo bado hajaliamini. Mkunga alingoja, kungoja ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote.

"Zilete, Mama," Jicho alimwambia mkunga hatimaye, macho yake bado yako kwa dada yake. "Tutakuwepo wote wawili."

Mama Chovya akatafuta kiti, akaketi, akalia mbele ya mteja bila kujificha uso.